Safu ya Maoni

Juni, Makete. Vidole vimekufa ganzi juu ya kicharazio,
na jiko la mkaa chini ya meza ya mchumi
tunaliota watu watatu na printa moja.
Mwaka wa fedha unafungwa Jumanne.
Mkuu wa idara amesema: jaza.
Najaza.

Vilula kumi na vinne, lengo.
Vilula kumi na vinne, utekelezaji.
Asilimia mia.
Inabaki safu ya mwisho, Maoni,
nyembamba kama ubavu wa mbuzi wa kiangazi;
mwaka wa tatu huu naandika humo maneno yaleyale:
kazi inaendelea.

Ijumaa nikapewa pikipiki, nusu tangi,
nikapige picha kilula namba tisa, kule Itundulu,
kwa kuwa mfumo haupokei mia bila picha.
Ukungu ulilala barabarani kama ng'ombe mkaidi;
msitu wa misindano sikuuona, niliunusa tu.
Kilula nikakikuta: zege safi, rangi ya buluu,
jina la mradi, tarehe, jina la aliyekizindua.
Nikafungua koki.
Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Usiisumbue," sauti ikatoka jikoni,
"leo si siku yake."

Ndivyo nilivyoingia kwa Bi Yusta Nkwama,
nikapewa kigoda, viazi vya kuchemsha na chumvi,
na moshi wote wa upande wa wageni.
Macho yalipozoea giza nikaona ukuta.

Mistari ya mkaa, tangu sakafuni hadi usawa wa bega.
Mstari mrefu: maji yametoka, ndoo imejaa.
Mfupi: yamekatika ndoo ikiwa nusu.
Msalaba: yametoka mekundu, tukafulia magunia.
Nafasi tupu ni nafasi tupu;
hakuipaka kitu, hakuiombea radhi.
Na nyota, pembeni, siku fundi alipokuja.
Nyota ilikuwa moja.

"Nani alikuagiza?" nikauliza.
"Mgongo," akasema, akaendelea kumenya.

Nikahesabu kwa kidole, kisha tena kwa kalamu.
Tangu tarehe mosi Aprili, siku themanini na saba.
Mistari mirefu, thelathini na nne.
Nikapiga picha ya ukuta.
Kilula nikakipita.

Kwenye kamati, Mheshimiwa Mahenge akavaa miwani:
"Hiki Kiambatisho C ni nini, michoro ya chekechea?"
Mwenyekiti akacheka, wengine wakaona ni zamu yao.
Mama Luvanda, diwani wa kata ile, hakucheka;
alikuwa anahesabu, midomo inachezacheza.
Mkuu wa idara alinitazama
kama mtu anavyolitazama paa linalovuja siku ya wageni.

Thelathini na tisa, niliandika.
Tukashuka nafasi sita kwenye orodha ya mkoa.
Pikipiki ikapewa mtu mwingine.

Julai kumi na mbili, Jumapili, baada ya ibada,
nikapanda kwa miguu kutoka njia panda.
Ukuta wa Bi Yusta ulikuwa umesiribwa upya,
udongo mwekundu, bado unanuka mvua.
Nilishtuka. Nikauliza nani kafuta.
"Si mwaka mpya wa fedha?" akasema.
"Au nyie huko hamfungi vitabu?"

Kona ya chini, karibu na mafiga,
mistari mirefu saba, msalaba mmoja, nafasi tatu.
Nyota mbili.
Ya leo ilikuwa bado.
Nikanyoosha mkono kuomba mkaa,
akanikabidhi ndoo.
"Kwanza hii."